Je, Mawazo Huzaa Saratani? Maswali ya Watu wa Nachingwea na Ruangwa

Hakuna maradhi ambayo watu wa Nachingwea na Ruangwa huyatafutia mshitakiwa upesi kama saratani. Mtu akishikwa na malaria hapana aulizaye ni nani aliyemtendea. Mbu anajulikana, dawa inajulikana, na jirani humwombea afueni akaenda zake shambani. Lakini ikisikika kwamba bibi fulani amepelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, barazani na visimani huanza hukumu. Mmoja husema ni unga wa salfa unaopuliziwa mikorosho, wa pili husema ni jicho la hasidi, wa tatu husema ni vyakula vya siku hizi, na wa nne, ambaye aghalabu husikilizwa kuliko wote kwa kuwa maneno yake yana huruma, husema: "Ni mawazo tu. Tangu alipofiwa na mumewe, na shamba likaingia katika ugomvi wa mirathi, hakupata usingizi. Mawazo ndiyo yaliyomla."

Makala haya yamekusudiwa kuipima kauli ya huyo wa nne, na wenzake watatu tutawasikiliza njiani. Hoja yake yastahili heshima, maana huzuni ni jambo la kweli na watu wa kusini wanaijua. Lakini heshima si ithibati. Kwa kadiri ya elimu iliyopo leo, mawazo hayajathibitika kuwa chanzo cha saratani, na kuyashitaki kila siku kumewafanya watu wavipe kisogo vyanzo halisi, ambavyo vingi vimo katika wilaya hizi mbili, vina majina yake, na baadhi yake vina kinga itolewayo bila malipo.

Saratani ni nini hasa?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai zisizo na idadi machoni petu, nazo huzaliwa, hufanya kazi, huchakaa na kufa, na nafasi zake hujazwa na chembe mpya zitokazo katika kugawanyika kwa zile za kale. Ndani ya kila chembe mna waraka wa urithi unaoiamuru iwe ya ngozi au ya ini, izae lini na ikome lini. Na kila chembe inapogawanyika waraka huo hunakiliwa wote, mithili ya karani anayenakili sheria ndefu usiku na mchana bila kupumzika, ambaye hapana budi mara moja moja ataruka neno au kulikosea. Makosa mengi hayadhuru kitu, na mwili una njia zake za kuyasahihisha, au za kuiua chembe iliyoharibika. Walakini makosa yakirundikana mahali palipoandikwa amri ya kukoma, chembe ile huasi, hugawanyika bila kikomo, hufanya uvimbe, hupenya katika nyama za jirani, na mwishowe husafiri kwa njia ya damu hadi mapafuni, inini au mifupani. Uasi huo ndio uitwao saratani.

Maelezo haya mafupi yanajibu maswali kadhaa kwa mara moja. Je, saratani ni maradhi mamoja? La, ni jamii ya maradhi mengi, na sababu ya hili si lazima iwe sababu ya lile. Saratani ya ini na saratani ya ngozi zina jina la ukoo mmoja tu. Je, huambukiza? Saratani yenyewe haiambukizi. Mtu anaweza kumwosha mgonjwa, kumlisha na kulala chumba kimoja naye pasipo hofu, ingawa baadhi ya virusi vinavyoweza kuleta saratani baada ya miaka mingi huambukiza, nasi tutavitaja. Je, hurithiwa? Kwa sehemu ndogo: inakadiriwa kuwa saratani 5 hadi 10 katika kila 100 ndizo zitokanazo hasa na kasoro iliyorithiwa kwa wazazi. Mbona basi huwapata zaidi watu wazima na wazee? Kwa sababu makosa ya kunakili huhitaji miaka kurundikana. Na mbona mvuta sigara mmoja hufika miaka 80 na mwenziwe hufa akiwa na 50? Kwa sababu kisababishi huongeza uwezekano wa makosa, hakiandiki siku ya kifo. Nasibu nayo ina fungu lake, na aliyeponea hatarini si hoja ya kwamba hatari haipo.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuishitaki sababu moja. Mganga wa hospitali, akimtazama mgonjwa mmoja aliye mbele yake, mara nyingi hawezi kuapa kwamba ni hiki wala si kile kilichoanzisha uvimbe wake. Lakini akiwatazama watu elfu na elfu pamoja, waliokutwa na jambo fulani na wasiokutwa nalo, anaweza kuona wazi ni jambo gani linalozidisha saratani na ni jambo gani linalosingiziwa. Kwa njia hiyo ndivyo Richard Doll na Bradford Hill wa Uingereza walivyoonyesha mwaka 1950 kuwa sigara hufuatana na saratani ya mapafu, na kwa njia hiyo hiyo huzuni nayo imepelekwa mbele ya kadhi.

Mawazo mbele ya kadhi

Dhana ya kwamba huzuni huzaa saratani si ya jana. Jalinus, tabibu wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya 2, ambaye vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kiarabu na kusomwa na matabibu wa Kiislamu kwa mamia ya miaka, alifundisha kwamba saratani hutokana na kuzidi kwa nyongo nyeusi mwilini. Na kwa kuwa nyongo hiyo hiyo ndiyo iliyodhaniwa kumtia mtu unyonge wa moyo, huzuni na saratani zilihesabiwa kuwa ndugu wa tumbo moja. Nyongo nyeusi haikuonekana kamwe na yeyote aliyepasua mwili kuitafuta, lakini undugu ule uliosalia katika vinywa vya watu umeishi kuliko elimu iliyouzaa.

Wataalamu wa zama zetu hawakuitupa dhana hiyo bila kuipima. Mwaka 2013 watafiti walikusanya habari za wafanyakazi zaidi ya 116,000 wa nchi mbalimbali za Ulaya, wakawalinganisha wale ambao kazi zao ziliwaelemea kwa haraka nyingi na amri chache za kwao wenyewe, na wale waliofanya kazi kwa utulivu. Hawakuona kwamba kundi la kwanza lilipata saratani ya mapafu, ya titi, ya utumbo mpana au ya tezi dume zaidi ya kundi la pili. Mwaka 2016 ulitangazwa uchunguzi wa wanawake wapatao 106,000 wa Uingereza, walioulizwa juu ya msongo wa mawazo na misiba iliyowapata, kisha wakafuatiliwa kuona nani atapata saratani ya titi. Msongo haukuonekana kuongeza hatari. Na katika Denmark, nchi ambayo huandika maradhi ya raia wake wote katika daftari moja, walifuatiliwa wazazi zaidi ya 11,000 ambao watoto wao walishikwa na saratani, na ambao wengi wao waliwazika. Kama ipo huzuni iwezayo kuipindua chembe ya mwili, ni ya mzazi huyo, lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 1997 hayakuonyesha kuwa wazazi hao walipatwa na saratani kuliko watu wengine. Zipo tafiti nyingine, nyingi zikiwa ndogo, zilizoona uhusiano hafifu katika saratani fulani fulani; ila zilipopimwa pamoja na hizi kubwa, na sigara na pombe zikatengwa, uhusiano huo haukusimama imara.

Basi kwa nini kila mgonjwa akiulizwa huleta huzuni yake? Jawabu ni kwamba kila mtu anayo. Ni nani katika Nachingwea au Ruangwa aliyefika miaka 50 bila kuzika, bila kudaiwa, bila kukaa akisubiri malipo ya korosho na ada ya mtoto ikiwa mlangoni, bila kusimama katika mnada wa chama cha ushirika cha RUNALI akisikia ufuta au mbaazi zake zikitajiwa bei asiyoitarajia? Aliye mzima huzuni hiyo huisahau, au huisema kama kisa kilichopita. Aliye mgonjwa hurudi nyuma kuitafuta, na akiitafuta huipata, maana imo.

Iko na hoja ya pili, ya wakati. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua kwa kawaida miaka 10 hadi 20 tangu virusi kuingia mpaka uvimbe kudhihiri. Uvimbe wa titi ulioguswa kwa mkono umekuwapo humo kwa muda mrefu kabla ya kuguswa. Mume aliyefariki mwaka juzi hawezi kuwa amepanda mbegu ambayo ilikuwa imekwisha ota yeye akiwa hai na mezani mwake.

Na hoja ya tatu imetoka kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, tabibu mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliowapata watoto wadogo, ukiwaharibu nyuso kwa muda wa wiki chache; na mwaka 1961 alifunga safari kwa gari pamoja na wenzake wawili, kutoka Uganda hadi kusini ya Afrika, akipita Tanganyika na akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi unaonekana na wapi hauonekani. Ramani aliyoichora ilionyesha kuwa uvimbe ule hupenda nchi za joto, za mvua, zilizo chini, nchi za malaria. Mwaka 1964 kirusi kilichopewa majina ya Epstein na Barr kilionekana katika chembe za uvimbe huo, na leo inafahamika kuwa kirusi hicho pamoja na malaria ya mara kwa mara ndivyo vinavyoshirikiana kuuleta. Mtoto wa miaka mitano au saba hana deni, hana mirathi, hana mke mwenza. Naye hupata saratani.

Huzuni ina hatia gani basi?

Haifai kutoka upande mmoja wa kosa tukaangukia upande wa pili, tukasema kuwa mawazo hayana dhara lolote. Mtu akiishi katika hofu na majonzi kwa muda mrefu, mwili wake humwaga homoni zilizowekwa kwa ajili ya kukimbia au kupigana, moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, usingizi hupotea, na tumbo hukataa chakula. Katika maabara, wanyama waliokwisha kuwa na uvimbe wameonekana kuenezwa na uvimbe huo upesi zaidi wanapotiwa taabu ya mfululizo. Kwamba mambo ni hivyo hivyo kwa binadamu halijathibitika, na uchunguzi unaendelea. Haya yote ni sababu tosha za kuitibu huzuni kwa ajili yake yenyewe, bila kungoja ishitakiwe kwa kosa la mwingine.

Dhara lake lililo dhahiri liko katika matendo. Mtu aliyeelemewa huongeza sigara, hutafuta liwazo katika uraka na gongo la mabibo, huacha kula vizuri na huacha kujitazama. Na sigara na pombe, tofauti na huzuni iliyovitafuta, ni visababishi vilivyothibitishwa pasipo shaka. Lililo baya zaidi ni kuchelewa. Mwanamke anayeona damu isiyo ya kawaida, akawa amekwisha ambiwa na watu wazima kwamba "ni mawazo, mwanangu, tulia yatapita", hukaa akingojea moyo utulie ndipo damu ikome; hungoja msimu wa korosho upite, hungoja arobaini ya marehemu, hungoja fedha za ufuta; na siku anapolala juu ya kitanda cha kupimiwa, lile ambalo lingeondolewa kwa dakika chache limekwisha ota mizizi. Mawazo hayakuleta uvimbe, lakini yaliuficha, na uongo wenye huruma uliyasaidia kuuficha.

Visababishi vilivyo jirani zetu

Katika Tanzania ilikadiriwa kuwa mwaka 2020 walipatikana wagonjwa wapya wa saratani wapatao 40,000, na zaidi ya 10,000 kati yao walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo karibu yote hutokana na kirusi kiitwacho HPV, kinachopita kwa njia ya kujamiiana, na kwa ugunduzi huo Harald zur Hausen wa Ujerumani alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Wanawake na wanaume wengi hukipata kirusi hiki wakati fulani wa maisha yao na mwili hukifukuza wenyewe. Wachache ambao hakiwatoki ndio walio hatarini, na mwenye virusi vya UKIMWI hatari yake ni kubwa mara kadhaa, ndiyo maana hutakiwa apimwe mapema na mara nyingi zaidi. Hakuna aibu wala tuhuma ya uasherati katika jambo hili, maana mke mwaminifu aweza kukipata kwa mume mmoja tu aliyemwoa. Tohara, ambayo katika wilaya hizi wavulana huipata jandoni au hospitalini, hupunguza kwa kiasi hatari ya saratani ya uume, na husaidia kidogo upande wa wake. Lakini kinga kubwa ni chanjo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo.

Kisababishi cha pili kimefungamana na jina lenyewe la Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha ule mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matingatinga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikajenga reli na bandari ya Mtwara ili kuzitoa karanga za kusini, na ilipofika mwaka 1951 mradi ukavunjwa baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Hapana aliyejua wakati huo kuwa karanga zina adui mwingine zaidi ya ukame na udongo mgumu. Mwaka 1960 katika Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyojulikana, na uchunguzi ukaishia katika chakula chao cha mashudu ya karanga kutoka Brazil, yaliyokuwa na sumu ya kuvu. Panya waliolishwa mashudu ya namna hiyo baadaye waliota uvimbe wa saratani inini. Sumu hiyo ndiyo ijulikanayo nchini kwa jina la sumukuvu. Hukaa katika karanga na mahindi yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu, haiondoki kwa kupikwa jikoni, na ikiwa nyingi sana huua upesi, kama ilivyotokea mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huliharibu ini.

Tumtazame mama aliyekaa uani Nachingwea na ungo magotini, akichambua karanga. Mkono wake hupita juu ya zile nono zenye ngozi laini, na hukamata moja moja zile zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au la manjano, na zile zilizotobolewa na wadudu. Kazi yake ni tiba kubwa kuliko anavyodhani, kwa maana sumu aghalabu hujikusanya katika punje chache mbovu; na kosa hutokea baadaye, zile mbovu zinapowekwa kando zisitupwe, zikasagwa kutiwa katika mboga au katika uji wa mtoto, kwa hoja ya kwamba zikisagwa hazionekani. Karanga zikaushwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo mtupu, zihifadhiwe mahali pakavu penye hewa, na mbovu zisiliwe na mtu wala zisipewe kuku.

Sumukuvu ina mshirika, nayo ni homa ya ini ya aina ya B, kirusi kinachopita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto. Vikikutana katika ini moja hatari haijumlishwi, huzidishwa. Chanjo yake imo katika chanjo za watoto wachanga nchini tangu mwaka 2002, na kwa hiyo kila mzazi anayemaliza kadi ya kliniki ya mwanawe amempa kinga ya saratani, hata kama hakuambiwa hivyo.

Kisababishi cha nne kimo majini. Kichocho cha mkojo, kipatikanacho kwa kuoga na kufua katika madimbwi na vijito vyenye konokono wa maradhi hayo, huletwa na minyoo wanaotaga mayai katika kuta za kibofu. Mayai hayo huuchoma mwili kwa miaka, na uvimbe wa kibofu huweza kufuata. Mvulana anayetoa damu mwisho wa mkojo asichekwe wala asipongezwe kuwa amebalehe. Apelekwe zahanati, na vidonge vya prazikwanteli vinavyogawiwa shuleni vimezwe, visitupwe njiani.

Tumbaku, ama ikivutwa, ama ikiwa ugoro wa kutia puani na mdomoni, haina utetezi wowote uliobaki. Pombe nayo imo katika orodha ya visababishi tangu mwaka 1988, na haijali kama imetoka kiwandani au imekamuliwa kwa mabibo chini ya mkorosho: hugeuka mwilini kuwa sumu inayoharibu waraka wa chembe, na hudhuru mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na titi.

Watu wa Ruangwa huuliza pia juu ya machimbo. Katika machimbo ya dhahabu kama ya Namungo, vumbi laini litokalo katika mawe yanayopondwa lina silika, nayo imethibitishwa kuleta saratani ya mapafu, mbali na kuyafanya mapafu yenyewe kuwa magumu. Basi mawe yapondwe yakiwa yamelowa, na barakoa ivaliwe iliyo ya kweli, si kitambaa kimoja cha shingoni. Zebaki hudhuru neva na figo, na hiyo yatosha kuiogopa, ingawa saratani si shitaka lililothibitishwa juu yake. Ama salfa, yule mshitakiwa wa kwanza wa barazani, unga huo unaoonekana ukiruka kama ukungu wa njano katika mashamba ya korosho huwasha macho, huunguza ngozi na kumkaba mwenye pumu, na mpuliziaji hana budi kujifunika. Lakini haumo katika orodha ya vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani. Baadhi ya viuatilifu vingine ni vya kutiliwa hofu zaidi, na debe lake lisichotewe maji kamwe.

Albino ana kisababishi chake kilicho juu ya kichwa chake kila siku. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huunguzwa na jua tangu utotoni, na wengi huanza kupata vidonda vya saratani wakiwa bado vijana. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na kuhudhuria kliniki ya ngozi ni uhai kwao, na kumpeleka mtoto huyo shambani mchana kutwa ni kumwonea.

Kuhusu jicho la hasidi na uchawi, mwandishi huyu hana chombo cha kuvipima, ila aonavyo ni kwamba vimefanya kazi ile ile ya mawazo: vimewachelewesha watu.

Lipi la kufanya?

Mwanamke wa miaka 30 hadi 50, hata kama hana dalili yoyote, na aende apimwe mlango wa kizazi katika hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye huduma hiyo. Kipimo kilichozoeleka hakina ajabu: muuguzi huweka chombo cha kufungulia njia, huupaka mlango wa kizazi siki iliyopunguzwa makali kwa pamba, hungoja kama dakika moja, kisha humulika kwa taa. Palipo pazima hubaki na rangi yake ya waridi. Palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Weupe huo si saratani bado, ni onyo lake, na mara nyingi huunguzwa kwa joto au hugandishwa kwa baridi siku hiyo hiyo, na mama hurudi nyumbani kwa miguu yake.

Nje ya kipimo hicho, zipo dalili zisizotakiwa kungojewa: damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, uvimbe katika titi hata usiouma, kidonda kisichopona, mkojo wa damu, chakula kinachokwama kooni, kikohozi kisichokwisha, kukonda bila sababu, na uvimbe wa taya au wa tumbo kwa mtoto. Si kila dalili ni saratani, na kwa kweli nyingi si saratani. Lakini ni mpimaji atakayesema hivyo, si jirani. Wengine huogopa kukatwa kinyama cha kupimia wakidhani kisu ndicho kinachoiamsha na kuieneza. Hofu hiyo imetokana na wale waliokatwa wakiwa wamekwisha chelewa. Kinyama hicho ndicho kinachoonyesha saratani ni ya aina gani na itibiwe kwa dawa ipi, na pasipo hicho tabibu anapapasa gizani.

Ni kweli kwamba njia ni ndefu. Kutoka Nachingwea hadi Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890 na kufanywa taasisi ya taifa ya saratani mwaka 1996, ni zaidi ya kilomita 500, na gharama ya nauli na ya kukaa mjini huwatisha watu wenye jembe moja. Hapa ndipo huzuni ya mgonjwa inapostahili kushughulikiwa kwa dhati, maana mtu aliyeambiwa ana saratani hulala na hofu, huacha kula, na wengine huacha tiba katikati. Ndugu anayefuatana naye, sheikh au padri anayemtembelea, muuguzi anayemweleza kila hatua kwa upole, na mshauri wa afya ya akili pale alipo, hawamtibu uvimbe, lakini humwezesha kuimaliza tiba, na kuimaliza ni nusu ya kupona. Asiambiwe kwamba akiwa na moyo mkunjufu atapona na akilia atakufa. Kilio si dhambi, na kupona kwake kusiwe mtihani wa tabia yake.

Huko ndiko hukumu ya barazani inakodhuru kuliko tunavyofikiri. Kumwambia mgonjwa kuwa mawazo yamemletea saratani ni kumwambia kwa upole kuwa amejiletea mwenyewe, kwamba angelikuwa na subira zaidi, imani zaidi, au mume bora zaidi, asingeugua. Nayo ni taksiri asiyoitenda. Wakati huo huo binti yake wa miaka kumi hajachanjwa, karanga mbovu zimo kinuni, na mjomba wa watoto anavuta sigara chumba kimoja nao. Basi atakapokuja mmoja wetu kusema kwamba kuna damu au uvimbe, tusimwulize alikuwa na mawazo gani. Tumwulize ameanza kuiona lini, kliniki ni siku gani, na ni nani kati yetu atakayefuatana naye.